Sekunde chache na Rooney: Deni la staa kwa dogo wa jukwaani

JULAI 13, 2017, siku ya Alhamisi. Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ule ambao leo tunauita Benjamin Mkapa. Everton ya England inacheza na Gor Mahia ya Kenya. Mpira ukiwa unaendelea, jamaa mmoja anachomoka jukwaani, anawaacha walinzi kama winga anavyowaacha mabeki wazito, anakwenda moja kwa moja hadi kwa Wayne Rooney na kumkumbatia.

Rooney hakumsukuma, hakukunja sura. Alimpokea kiroho safi kama mtu anayempokea ndugu yake stendi ya mabasi. Kisha walinzi wakafika, jamaa akatolewa nje, mpira ukaendelea. Ishu nzima ilikuwa ya sekunde chache tu.

Picha zilizunguka dunia nzima. Wengi walicheka, wengine wakasema Wabongo tuna vituko. Lakini waliochekea tukio lile hawakujiuliza swali moja: Kwa nini supastaa mwenye mabao mengi kuliko mchezaji yeyote wa Manchester United, tena aliyezoea kulindwa kama benki, alimpokea mtu asiyemjua namna ile?

Jibu lipo kwenye maisha ya Rooney mwenyewe. Kabla hajawa mtu wa kukumbatiwa, alikuwa dogo wa kukumbatia.

Rudi kidogo kwenye siku ile. Gor Mahia ya akina Meddie Kagere ilikuwa imepata nafasi hiyo baada ya kuichapa AFC Leopards mabao 3-0 kwenye fainali ya SportPesa Super Cup pale Uwanja wa Uhuru mwezi mmoja nyuma. Rooney naye alikuwa amesaini kurudi Everton siku nne tu kabla, Julai 9, baada ya miaka 13 ya kula bata na mataji Manchester United. Kwa hiyo mechi yake ya kwanza baada ya kurudi haikuchezwa Goodison Park. Ilichezwa Temeke, Dar es Salaam.

Na bao lake la kwanza alilifunga hapa hapa. Alipokea mpira mbali na lango, akainua kichwa, akaachia shuti la mbali lililomshinda kipa. Jacques Tuyisenge, yule Mnyarwanda wa Gor, akasawazisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili Kieran Dowell akaifungia Everton la ushindi, ngoma ikaisha 2-1.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mzunguko siku hiyo, kidato cha kwanza, shati la shule likiwa ndani ya begi. Kutoka kule juu Rooney alionekana mdogo kama njiti ya kiberiti. Tulijua ni yeye kwa namna alivyotembea, ule mwendo wake wa mabega mbele kama mtu anayetafuta ugomvi. Jamaa alipoingia uwanjani, watu wa mzunguko walisimama wote. Kwanza tulicheka. Halafu alipomfikia na Rooney akafungua mikono, kelele zilizopigwa hazikuwa za kicheko tena. Zilikuwa za wivu. Kila mmoja wetu alitamani awe yeye.

Nilikuwa na miaka 14 na ninalikumbuka kumbatio lile kuliko mabao yote matatu. Sikumgusa Rooney, sikupata saini, sikupiga picha. Lakini ukiniuliza nilianza lini kuamini kwamba wale watu wa kwenye runinga ni watu kweli, nitakutajia siku ile.

BARUA YA KWENDA JELA

Rooney alizaliwa Oktoba 24, 1985, akakulia Croxteth, mtaa wa watu wa kawaida katika jiji la Liverpool. Familia yake ilikuwa Everton damu. Unaambiwa alipokwenda kufanya majaribio Liverpool akiwa mtoto, alikwenda amevaa jezi ya Everton. Hebu fikiria dogo anakwenda kwenye majaribio ya Simba pale Bunju akiwa na jezi ya Yanga. Ndiyo ilivyokuwa.

Staa wake alikuwa Duncan Ferguson, straika Mskochi, mrefu, mgomvi, hatari kwa mipira ya vichwa. Mashabiki wa Everton walimwabudu. Oktoba 1995, Ferguson akafungwa jela kwa kosa la kumpiga kichwa mchezaji wa Raith Rovers, John McStay, alipokuwa bado Rangers mwaka 1994. Alihukumiwa miezi mitatu, akatumikia siku 44 katika gereza la Barlinnie, Glasgow.

Kwa mtoto wa miaka 10, kufungwa kwa staa wake ni msiba. Rooney akachukua kalamu na karatasi, akamwandikia Ferguson barua akimwambia wanamsubiri arudi Everton. Rooney mwenyewe amesimulia kisa hiki miaka ya baadaye. Na amesema kitu kingine ambacho ndicho chenye uzito: Ferguson alijibu.

Tulia hapo kidogo. Mtu yuko jela, kazi yake ipo hatarini, magazeti yanamchana kila siku. Barua za watoto zinamiminika gerezani. Hakuna kamera hapo, hakuna mdhamini, hakuna mtu wa mitandao ya kijamii wa kurekodi. Angezipuuza, nani angejua? Lakini anakaa chini, anamshukuru mtoto wa Croxteth ambaye hamjui hata kwa sura.

Dogo yule hakuisahau barua. Miaka saba baadaye alikuwa anavaa jezi ya bluu chumba kimoja na mtu aliyemwandikia.

KUMBETULIA SOUTHALL

Novemba 20, 1996, Liverpool na Everton walikutana Anfield na kutoka sare ya 1-1. Rooney, miaka 11, aliteuliwa kuwa mmoja wa watoto wanaoingia uwanjani na timu. Hata hapa kwetu tunawaona kwenye Dabi ya Kariakoo, watoto wameshikwa mikono na wachezaji, wengine wanatabasamu, wengine wanakaribia kulia kwa woga.

Kabla ya mechi mtoto anapewa nafasi ya kupiga mpira kumwelekea kipa. Utaratibu unajulikana. Mtoto anausukuma taratibu, kipa anauacha uingie au anaudaka huku akitabasamu, watu wanapiga makofi, mambo yanaisha. Kipa wa Everton siku ile alikuwa Neville Southall, mmoja wa makipa bora kabisa katika historia ya klabu hiyo, na mtu asiyependa utani saa ya kazi.

Rooney hakuusukuma. Aliubetua, ukampita Southall juu ya kichwa, ukazama wavuni. Akaufuata, akajaribu tena. Southall hakufurahi hata kidogo, na Rooney anasema alimporomoshea neno la nguoni.

Kisa hiki kimechekesha watu miaka mingi, lakini nakipenda kwa sababu nyingine. Watu wazima tunadhani mtoto akikutana na staa wake anaganda. Wengi ni kweli wanaganda. Wapo wachache ambao ile nafasi ya sekunde 30 wanaitumia kama usaili wa kazi. Rooney hakwenda Anfield kupiga picha. Alikwenda kumwonyesha Southall kwamba yupo, na kwamba anakuja.

MTOTO ANAPOGEUKA STAA

Na alikuja haraka kuliko mtu yeyote alivyodhani. Agosti 17, 2002 alianza mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Tottenham akiwa na miaka 16. Oktoba 19 mwaka huo huo, Arsenal ya Arsene Wenger ilifika Goodison ikiwa haijapoteza mechi 30 za ligi mfululizo. Rooney akaingia zikiwa zimebaki kama dakika 10. Matokeo 1-1, dakika ya 90, akautuliza mpira, akageuka, akaachia bonge la shuti. Ukagonga mwamba kwa ndani, ukamshinda David Seaman, kipa wa England. Everton 2, Arsenal 1. Zilibaki siku tano atimize miaka 17.

Miezi minne baadaye, Februari 12, 2003, akaichezea timu ya taifa ya England dhidi ya Australia akiwa na miaka 17 na siku 111. Euro 2004 kule Ureno akafunga mabao manne kabla ya kuumia kwenye robo fainali. Hapo sasa kila dogo duniani alikuwa anamjua.

Kulikuwa na kitu cha pekee kwa Rooney wa miaka ile. Mastaa wengi ni watu wazima. Dogo anawatazama kama anavyomtazama baba au mjomba. Rooney alikuwa mtoto mwenzao. Uso wake ulikuwa na chunusi, mashavu kama ya kaka yako wa kidato cha tano. Dogo wa Liverpool alipomwona aliona kitu kinachowezekana: Kumbe mtu wa mtaani kwetu anaweza kufika.

Leo Lamine Yamal ndiye ameshika nafasi hiyo. Julai 2024 aliifungia Hispania dhidi ya Ufaransa kwenye nusu fainali ya Euro akiwa bado na miaka 16. Na siku hizo hizo ikaibuka picha ya mwaka 2007, Lionel Messi wa miaka 20 akimwogesha mtoto mchanga kwa ajili ya kalenda ya hisani. Mtoto yule alikuwa Yamal. Yeye hakumbuki chochote cha siku ile, alikuwa wa miezi michache tu. Lakini dunia nzima inakumbuka kwa niaba yake.

STAA ANAPOHAMA

Sasa tuje kwenye upande unaouma, maana kumpenda staa si kumbatio tu.

Mei 2002, kwenye fainali ya Kombe la FA la vijana dhidi ya Aston Villa, Rooney alifunga bao Goodison akainua jezi. Ndani alikuwa na fulana yenye maneno ya kuapa kwamba ukishakuwa wa bluu, utabaki wa bluu milele. Watoto wa Everton waliamini kila herufi. Miaka miwili na miezi kadhaa baadaye, Agosti 31, 2004, akasaini Manchester United. Mechi yake ya kwanza akaipiga Fenerbahce mabao matatu.

Kwa mtu mzima, huo ni uhamisho. Klabu ilihitaji hela, mchezaji alihitaji mataji, kila mtu akavuta chake. Kwa mtoto aliyemlilia baba yake amnunulie jezi yenye jina mgongoni, huo ni usaliti. Hajui habari za mikataba. Anajua aliapiwa.

Februari 2005 Rooney aliporudi Goodison na United kwenye Kombe la FA, alizomewa tangu mwanzo hadi mwisho. Oktoba 2008, akiwa pale pale, akabusu nembo ya United mbele ya watu waliomlea. Uwanja ukachafuka, Sir Alex Ferguson akaona bora amtoe kabla mambo hayajaharibika.

Shabiki wa hapa haihitaji kusimuliwa sana. Julai 2024 Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, alivuka kutoka Simba kwenda Yanga. Watu wazima walibishana vijiweni kuhusu mshahara, umri na mkataba. Lakini ndani ya nyumba nyingi kulikuwa na dogo mwenye jezi nyekundu ya Chama ambaye hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Wapo walioificha chini ya godoro. Wapo walioendelea kuivaa kibishi, wakataniwa mpaka shuleni.

Hakuna mwenye haki ya kumzuia mchezaji kuhama. Mpira ni kazi, na kazi ina muda mfupi. Ninachosema ni kwamba staa anapobusu nembo, anapoapa mbele ya kamera kwamba hataondoka, ajue kuna watu wa miaka tisa wanaosikiliza. Mtu mzima anasikia maneno ya mpira. Mtoto anasikia ahadi.

KWA NINI ALIFUNGUA MIKONO

Ndiyo maana Rooney wa Julai 2017 ni wa kumtazama kwa makini. Alipotambulishwa tena Everton alitania kwamba miaka yote 13 ya United alikuwa akivaa pajama za Everton nyumbani na watoto wake. Watu walicheka, lakini alikuwa anaomba kupokewa. Alikuwa na miaka 31, kasi imepungua, anarudi kwa watu aliowaumiza.

Na shabiki aliyemkumbatia uwanjani kwenye mechi ile hakuwa mtu wa Liverpool. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam.

Sijui Rooney aliwaza nini sekunde ile na sitajifanya niko kichwani mwake. Ninachojua ni kile alichofanya, na ninajua alitoka wapi: Mtoto aliyeandika barua akajibiwa, dogo aliyembetulia kipa mkali akatukanwa, kijana aliyeapa akaondoka akazomewa. Amekaa pande zote za uzio. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba sekunde tatu kwake ni sekunde tatu tu, ila kwa aliye mbele yake zinaweza kuwa stori ya maisha.

USIRUKE UZIO, DOGO

Hapa niseme wazi, nisije nikalaumiwa na wazazi. Kuruka uzio na kuingia uwanjani ni kosa, na ni hatari. Walinzi hawajui kama una upendo au una kisu.

Juni 22, 2024, Ureno ikicheza na Uturuki pale Dortmund kwenye Euro, mtoto mmoja alikimbia hadi kwa Cristiano Ronaldo akapiga naye selfi. Ronaldo alitabasamu, dunia ikasema inapendeza. Kumbe alikuwa amefungua mlango. Wakafuata wengine, watu wazima, mmoja baada ya mwingine, na mwishowe Ronaldo mwenyewe alionekana kukereka. Kocha Roberto Martinez akasema baada ya mechi kwamba suala lile linatia wasiwasi, maana safari hii nia zilikuwa njema lakini si kila siku itakuwa hivyo.

Kwa hiyo jawabu si kuruka uzio. Jawabu ni watu wazima kuweka mlango.

Na mlango wenyewe hauhitaji bajeti ya mabilioni. Klabu zetu zina siku za mazoezi, zina mechi, zina Wiki ya Mwananchi na Simba Day ambako mashabiki wanajaa kuliko hata kwenye ligi. Watoto wangapi wanapata dakika moja na mchezaji wanayempenda? Wanaobahatika kushika mikono ya wachezaji kwenye dabi ni wachache, na mara nyingi ni watoto wa watu wenye namba za simu za viongozi. Yule wa Mbagala anayemjua kila mchezaji kwa namba ya mgongoni anaishia kukimbiza basi la timu barabarani.

Tenga dakika 15 baada ya mazoezi mara moja kwa mwezi. Chagua shule moja ya msingi, watoto 30, wachezaji watatu. Si lazima kuwe na mabango wala waandishi. Na wachezaji wenyewe, wakati basi linasubiri, dirisha linafunguka. Mkono unapungika. Hakuna mkataba unaokataza hilo.

Kuna wachezaji wetu wanaofanya hivyo bila kuambiwa, na mtaani wanajulikana. Kuna wengine wanapita na spika za masikioni, macho kwenye simu, kama vile watoto pale getini ni nguzo za umeme. Hao nao wanajulikana, na hawasahauliki.

AFCON ya 2027 tumepewa kuiandaa sisi, Kenya na Uganda. Mastaa ambao watoto wetu wanawaona kwenye vibanda umiza watashuka kwenye viwanja vya ndege vya hapa, watalala hoteli za hapa, watafanya mazoezi kwenye nyasi za hapa. Kamati za maandalizi zitajadili barabara, taa, vyumba vya kubadilishia nguo na viti vya wageni waalikwa, na ni sawa. Lakini kwenye orodha ile ndefu ongezeni mstari mmoja: Mtoto wa shule ya kata atamwona staa wake wapi, lini, na nani atamfungulia geti?

Mkishindwa kulijibu, dogo atatafuta njia yake mwenyewe. Na safari hii huenda atakayemkuta upande wa pili asiwe mtu wa kufungua mikono.